Intaneti ya Ofisini Ifike Bandani: Chagua Daraja la Wayalesi Bila Kupoteza Pesa



Swali linalojirudia sana kutoka kwa wafugaji wa kuku na wenye vitalu nyumba ni hili: intaneti iko ofisini, banda liko mita 500 kule chini. Kamera ya bandani inapataje mtandao?

Wengi hukimbilia kuweka rauta ya laini ya simu kila jengo. Itafanya kazi, lakini kila mwezi utalipia bando kwa kila jengo. Wengine wananunua buusta ya dukani. Ile ni ya vyumba vya nyumba, siyo ya mita 500. Na waya wa kawaida wa mtandao kikomo chake ni mita 100 kwa kipande.

Dawa yake ni daraja la wayalesi. Ni vifaa viwili vyenye antena: kimoja kinafungwa juu ya ofisi, kingine juu ya banda, vinatazamana. Intaneti unalipia sehemu moja tu. Hata bando likiisha, ukiwa ofisini bado utaiona kamera ya bandani, maana daraja ni lako mwenyewe.

1. Anza na macho, bei baadaye

Panda ngazi pale antena itakapokaa. Unaliona paa la banda bila kizuizi? Kama kuna mwembe, migomba au paa la bati katikati, usinunue kwanza. Tafuta sehemu nyingine au ongeza nguzo.

Kuona tu hakutoshi. Mawimbi yanahitaji njia yenye umbo kama la muhogo: nyembamba kwenye ncha, nene katikati. Kwa umbali wa mita 500, kifaa cha gigahezi 5 kinahitaji walau mita 1.5 wazi chini ya mstari wa macho, pale katikati. Cha gigahezi 2.4 kinahitaji kama mita 2.4.

Sasa weka mahindi ya mita 2.5 hapo kati. Kwenye ardhi tambarare, antena za gigahezi 5 zikae angalau mita 4 kutoka chini, pande zote mbili. Ndiyo maana daraja lililofungwa wakati shamba ni jeupe linaanza kusumbua mahindi yakishakua. Majani yamejaa maji, na maji yanameza mawimbi. Pima kwa urefu wa zao lililokomaa.

2. Gigahezi 2.4 au 5?

Kama njia iko wazi, chukua 5. Ile 2.4 ndiyo inayotumiwa na rauta nyingi za majirani, kwa hiyo msongamano ni mkubwa. Inavumilia majani kidogo kuliko 5, lakini usiifanye kisingizio cha kupiga mawimbi katikati ya miti.

3. Soma boksi kwa akili

TP-Link CPE210 (gigahezi 2.4) imeandikwa kilomita 5 na zaidi. CPE510 (gigahezi 5) imeandikwa kilomita 15 na zaidi. Hizo ni namba za mazingira mazuri sana. Kwa shamba lisilozidi kilomita 1, vifaa vya daraja hili vinatosha. Huna haja ya dishi kubwa kama Ubiquiti LiteBeam, ambalo boriti yake ni nyembamba na kulilenga kunataka umakini.

Kasi je? Kamera moja ya megapikseli 2 hutumia kama megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Kamera nne ni 16 hivi. Tundu la waya la CPE510 linapitisha hadi 100. Usilipie kasi usiyoihitaji.

Kumbuka: mara nyingi bei ya dukani ni ya kifaa kimoja. Wewe unahitaji viwili, na viwe vya aina moja.

4. Pesa uliyookoa, ipeleke hapa

- Nguzo imara. Ikiyumba na upepo, mtandao nao unayumba.
- Waya wa mtandao wa nje wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi, lakini unapoteza umeme njiani, na kifaa kinapata umeme kupitia waya huohuo.
- Kinga ya radi na waya wa athi ulioshuka ardhini.
- Betri. Kifaa cha wati 10 kwa saa 12 kinakula wati-saa 120. Betri ya asidi ya volti 12 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo tafuta ya Ah 20 au zaidi, na ukubwa uongezeke ukiweka na kamera. Vifaa vingi vya aina hii vinatumia volti 24, hivyo mwambie fundi wa sola aweke kibadilishi.

Usiiruke hiyo betri. Umeme ukikatika usiku, taa za kuwapasha vifaranga zinazima, na daraja lisilo na betri linazima papo hapo. Simu yako itakaa kimya wakati ndiyo ulikuwa unaihitaji. Kwa sababu hiyohiyo, weka bandani king'ora cha betri kisichotegemea mtandao kabisa, kimwamshe mlinzi.

Kabla hujatoa pesa

Hakikisha kifaa kimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Unganisha vyote viwili juu ya meza kwanza, badilisha nywila iliyokuja nayo, ndipo upande nguzoni.

Una mlima au miti katikati? Niandikie umbali, urefu wa majengo na zao lililopo kati, tulipigie hesabu pamoja.