Vitambulishi vya Mng'ao Vinavyoamshwa kwa Nuru

Mtu atazamaye seli hai kwa hadubini hukabiliwa na vikwazo viwili. Kwanza, seli nyingi hazina rangi, na protini zilizomo ndani yake hazipambanuki na maji yaliyozizunguka. Pili, nuru yenyewe ina mpaka. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba vitu viwili vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la nuru huonekana kama kitu kimoja, hata vioo vya hadubini viwe vyema namna gani. Mpaka huo ni kama nanomita 200, yaani milimita 0.0002, na protini moja aghalabu haifiki hata nanomita 10. Hadubini ya elektroni huona vitu vidogo zaidi, lakini kwa kawaida huhitaji seli iliyokwisha kufa.

Kikwazo cha kwanza kilipata dawa kutoka baharini. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walieleza habari za protini iliyomo katika konyeza wa namna moja, ambayo hung'aa kwa rangi ya kijani. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walidhihirisha kwamba jeni ya protini hiyo ikitiwa katika bakteria au mnyoo, kiumbe huyo naye hung'aa. Hivyo protini yoyote yaweza kuunganishwa na taa yake na kufuatwa ndani ya seli.

Hapa yafaa maneno yapambanuliwe. Kimulimuli huwaka: nuru yake hutoka katika kemia ya mwili wake mwenyewe. Kitambulishi cha mng'ao hakiwaki. Hung'aa kinapomulikwa tu, na nuru kitoayo huwa na wimbi refu kuliko ile kilichoipokea. Basi kumulika ni kazi ya mtazamaji, na kung'aa ni jibu la molekuli. Kitendo cha tatu ni kuamsha: molekuli iliyolala haing'ai hata ikimulikwa, mpaka kwanza ipigwe na nuru ya namna nyingine.

Kitambulishi mashuhuri cha aina hiyo kilitengenezwa mwaka 2002 na George Patterson na Jennifer Lippincott-Schwartz. Katika protini ya konyeza walibadili asidi-amino ya 203, wakaweka histidini mahali pa threonini. Protini hiyo ikipigwa na nuru ya urujuani ya nanomita 413, mng'ao wake chini ya nuru ya buluu huongezeka kama mara 100. Mchunguzi aweza kuamsha molekuli za pembe moja ya seli, kisha akatazama zinakokwenda.

Mwaka huo huo Wajapani walitoa protini ya tumbawe ambayo nuru ya urujuani huigeuza kutoka kijani kuwa nyekundu. Waliiita Kaede, jina la mti ambao majani yake hugeuka mekundu. Mwaka 2004 ikafuata Dronpa, iwezayo kuzimwa na kuamshwa tena na tena. Katika jina hilo, "dron" ni neno la kutoweka kwa ninja, na "pa" ni ufupisho wa istilahi ya kuamshwa kwa nuru.

Ndipo kikwazo cha pili kilipopatiwa njia. Wavuvi wengi wakiwasha karabai zao usiku, mtu aliye mbali pwani huona weupe mmoja tu. Lakini zikiwashwa moja moja, kila mahali pa taa paweza kutiwa alama. Mwaka 2006 Eric Betzig, Harald Hess na wenzao waliamsha molekuli chache zilizotawanyika, wakakadiria kitovu cha kila doa la nuru, wakaziacha zififie kabisa, kisha wakaamsha nyingine. Baada ya kurudia mara nyingi, alama zote zilifanya picha iliyo kali kupita mpaka wa Abbe. Mwaka 2014 Betzig alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Stefan Hell na W. E. Moerner.

Wanakemia nao hutengeneza rangi ndogo zisizo protini, ambazo huzifungia katika tundu la kikemia livunjwalo na nuru. Hapo usanifu huwa na masharti. Rangi iliyofungwa sharti iwe giza kweli. Ikifunguliwa, ing'ae sana. Ipenye utando wa seli. Ishikamane na protini iliyokusudiwa, si nyingine. Na mabaki ya tundu yasiwe sumu. Tundu la nitrobenzili, litumikalo sana, hushindwa katika sharti hilo la mwisho, kwa kuwa huacha masalio yawezayo kudhuru. Mwaka 2016 Luke Lavis na wenzake wa Janelia walitoa rangi ambazo tundu lake, likivunjika, hutoa gesi ya nitrojeni, iliyo tele hewani na isiyodhuru.

Lakini tatizo moja halijaisha. Nuru ya urujuani iamshayo kitambulishi huumiza seli, na picha za mwaka 2006 zilikuwa za seli zilizokwisha kuuawa kwa dawa. Kila mtazamo hugharimu sehemu ya uhai unaotazamwa. Kwa hiyo usanifu mwema ni ule unaoiwezesha molekuli kutoa habari nyingi kwa nuru chache, ili kile kinachoonekana kiwe ni mwendo wa seli hai, wala si dalili za kufa kwake.