Kampuni iliyomngoja mtu wa mwisho

Kwenye banda la video la mtaani kwetu Sinza, miaka ya 1990, sheria ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Unalipa kiingilio chako, unabanana kwenye benchi, unatulia. Unajua jamaa atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa picha yeye ndiye atakayebaki amesimama. Asiyeshinda hakuwa stelingi. Hilo halikuwa na mjadala.

Jumapili moja mwenye banda akakosea kanda. Tulikuwa tunasubiri karate, mara tukaona uwanja mkubwa wa michezo, giza limeshaingia, watu wachache wametawanyika majukwaani. Anaingia mkimbiaji mmoja peke yake, mwembamba, namba 36 kifuani, mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Banda zima likalipuka kwa kicheko. "Toa huyo, weka Bruce Lee!" Kuna mshikaji akarusha ganda la chungwa kwenye televisheni. Halafu yule msimulizi wa Kizungu, sauti nzito kama kengele ya kanisa, akataja neno moja tulilolielewa wote: Tanzania.

Bwana wee! Banda likawa kimya, ungesikia hata sindano ikianguka. Yule jamaa akazunguka uwanja, hatua moja, anasita, hatua nyingine, mpaka akavuka mstari. Hakuna aliyeomba kanda itolewe tena. Karate ilipowekwa baadaye, mimi nilikuwa naitazama tu, akili haipo. Nilikuwa najiuliza: ni nani huyo aliyeona kwamba mtu wa mwisho naye anastahili kuwa stelingi?

Swali hilo nilitembea nalo miaka. Jibu lake, msomaji wangu, ni mzee mmoja wa New York, mkewe, na kampuni yao ndogo ya filamu iliyoitwa Cappy Productions.

MZEE WA MIWANI KICHWANI

Jina lake lilikuwa Bud Greenspan, mzaliwa wa New York, mwaka 1926. Ukiona picha yake humsahau: kipara kinang'aa, na miwani mizito ameipandisha juu ya kichwa kama mtu aliyesahau alikoiweka. Alikuwa hivyo miaka yote, mpaka ikawa kama nembo yake.

Utotoni alikuwa na kithembe. Mtoto mwenye kithembe kwa kawaida hukimbia maikrofoni, lakini yeye aliifuata. Akiwa bado kijana wa miaka 20 na kitu alikuwa tayari mtangazaji wa michezo wa redio New York. Olimpiki ya London mwaka 1948 aliitangaza kwa simu, amejibana kwenye kibanda cha simu pale uwanja wa Wembley. Huo ndio ulikuwa mwanzo wake na Olimpiki, na hakuiacha tena mpaka anakufa.

Filamu aliingilia mlango wa nyuma. Alikuwa anafanya deiwaka kwenye jumba la opera la Metropolitan, ile kazi ya kusimama jukwaani umeshika mkuki bila kusema neno. Pembeni yake, naye ameshika mkuki, alisimama jamaa mmoja mweusi wa miraba minne. Kumbe ni John Davis, bingwa wa Olimpiki wa kunyanyua vitu vizito, aliyekuwa anapenda sana kuimba. Jamaa ana medali ya dhahabu ya mwaka 1948, na nchini kwake watu wanapishana naye barabarani bila kumjua!

Greenspan akaona hapo kuna habari. Mwaka 1952 akamfuata Davis hadi Helsinki, Finland, akampiga filamu akitwaa dhahabu ya pili. Filamu ilikuwa fupi tu, ikiitwa The Strongest Man in the World. Serikali ya Marekani ikainunua, maana zilikuwa enzi za vita baridi, na picha ya bingwa mweusi Mmarekani ilikuwa na kazi yake kwenye propaganda. Greenspan akapata mshiko, na akapata somo: mwanamichezo usiyemjua anaweza kukushika kuliko yule unayemjua.

Mwaka 1964 akafanya kubwa zaidi. Alimchukua Jesse Owens, yule Mmarekani mweusi aliyebeba dhahabu 4 mbele ya Hitler mwaka 1936, akamrudisha kwenye uwanja uleule wa Berlin. Owens anatembea uwanjani taratibu, anaongea, anakumbuka. Filamu ikapewa jina la Jesse Owens Returns to Berlin. Basi mtindo wa Greenspan ukawa umezaliwa: usikimbilie bao, mkalishe mtu, mwache akumbuke.

JINA LA MPENZI

Sasa nyie wapenda mapenzi sogeeni hapa. Kwa nini Cappy? Mkewe aliitwa Constance Anne Petrash. Chukua herufi za mwanzo za majina hayo matatu uone unapata nini. Kila mtu alimwita Cappy, na kampuni ikaitwa hivyo hivyo. Na hakuwa mke wa kuandaa chai ya wageni tu. Alikuwa mshirika wa kazi: wanatengeneza wote, wanakuna vichwa wote.

Katikati ya miaka ya 1970 wakatoa kazi iliyowapaisha, The Olympiad, mfululizo wa vipindi 22 vya televisheni kuhusu historia ya Olimpiki. Ulionyeshwa katika nchi zaidi ya 80. Mwaka 1977 wakaja na Wilma, filamu ya maigizo juu ya Wilma Rudolph, binti aliyeugua polio utotoni akaja kubeba dhahabu 3 za mbio mwaka 1960. Kama una macho makali utamwona humo kijana mmoja aliyekuwa anaanza kuigiza, Denzel Washington. Eeh, huyohuyo.

Sauti nzito niliyoisikia Sinza nayo ina mwenyewe. Msimulizi wa filamu nyingi za kampuni hiyo alikuwa David Perry, ndugu yake Greenspan wa damu, aliyebadili jina. Kwa hiyo ilikuwa kampuni ya nyumbani kabisa: mume, mke, na kaka mtu kwenye maikrofoni.

Cappy alifariki kwa saratani mwaka 1983. Wengi wangefunga duka. Mwaka uliofuata Greenspan akapiga filamu rasmi ya Olimpiki ya Los Angeles, 16 Days of Glory, na jina la marehemu mkewe likabaki kwenye kampuni. Humo ndani kuna Dave Moorcroft, Mwingereza aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia ya mita 5,000, akaingia fainali akiwa majeruhi na kumaliza wa mwisho. Vita yake siku hiyo ilikuwa moja tu: asizungukwe na Said Aouita wa Morocco, aliyekuwa anakwenda kuchukua dhahabu. Ukiitazama unajikuta unamshangilia wa mwisho kuliko wa kwanza.

Kuanzia hapo Greenspan, akiwa na mwenzake Nancy Beffa, akawa mtu wa Olimpiki: Barcelona, Lillehammer, Atlanta, Nagano, Sydney, mpaka Vancouver mwaka 2010. Alifariki siku ya Krismasi mwaka huohuo, akiwa na miaka 84, kwa maradhi ya Parkinson.

MEXICO, GIZA LIMEINGIA

Turudi kwa yule wa namba 36. Ni John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mapafu yanadai. Walioanza marathoni walikuwa 75. Alikuwemo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa mwaka 1960 na 1964, mfalme wa marathoni duniani. Bikila mguu ulimsumbua, akajitoa njiani. Umesikia? Mfalme mwenyewe alitoka.

Akhwari misuli ilikuwa imeshaanza kumkaza, halafu karibu na kilomita ya 19, kwenye kugombea nafasi, akagongwa akaanguka vibaya. Goti likateguka na kuchanika, bega likajipiga kwenye lami. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mbele huko Mamo Wolde, Mwethiopia mwingine, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26, akavishwa dhahabu. Watu wakaanza kurudi makwao.

Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Saa nzima na dakika 5 nyuma ya bingwa! Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Lakini hesabu vizuri: nyuma yake walikuwepo 18 ambao hawakufika kabisa, Bikila akiwa mmoja wao.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu jambo ambalo limekuja kuzunguka dunia: kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza. Ukipima kwenye ramani, Mexico City ni mbali kuliko maili hizo. Hata hivyo sijamsikia mtu akimdai Akhwari hizo maili zilizobaki.

Greenspan akaishika hadithi hiyo na hakuiachia. Aliiweka kwenye filamu zake, akaisimulia kwenye mahojiano mwaka hadi mwaka, akiitaja kati ya anazozipenda kuliko zote. Kwa kazi ya namna hiyo, mtu wa mwisho mwaka 1968 akawa anajulikana kuliko waliopata fedha na shaba siku ile. Wewe unawajua? Mimi ilibidi nitafute: Kenji Kimihara wa Japan na Mike Ryan wa New Zealand.

WALIOMSEMA

Nisikufiche, Greenspan alikuwa na wa kumsema. Walidai anaipaka Olimpiki sukari: dawa za kuongeza nguvu hazigusi, siasa anazipita pembeni. Hoja ina uzito wake. Siku 10 kabla ya Olimpiki ileile ya Mexico kufunguliwa, askari waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi waandamanaji pale Tlatelolco. Mtu akisema Olimpiki ni ushujaa mtupu, hajasema yote.

Majibu ya mzee yalikuwa mafupi. Alikubali kwamba mabaya yapo, ila yeye aliamua muda wake wote aupeleke kwenye ile asilimia 90 iliyo nzuri. Mimi nadhani alikuwa na haki hiyo, ilimradi wengine waifanye hiyo 10 iliyobaki. Kinachoniuma mimi ni kingine.

SISI JE?

Mwaka 1968 nchi yetu haikuwa na televisheni. Zanzibar ilipata miaka ya 1970, Bara tukasubiri mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo ule uwanja wenye giza, zile hatua za kuchechemea, kwa miaka mingi vilitazamwa na watu wa New York kabla ya watu wa Mbulu. Shujaa ni wetu, kumbukumbu ni ya kwao. Nyumbani alipewa nishani ya ushujaa mwaka 1983, na mwaka 2008 alikuwemo kwenye mbio za mwenge wa Olimpiki wa Beijing ulipopita Dar es Salaam. Sawa, hongera zake. Lakini picha ile tunaiazima kwa wenyewe.

Halafu fikiria wale ambao kamera haikuwa upande wao. Wanariadha wetu waliokimbia peku kwenye mashindano ya shule, mabondia wa Keko, akina dada wa netiboli waliosafiri kwa lori. Wengine wanazeeka mtaani kwako, wanacheza bao chini ya mwembe, na wewe unawapita ukidhani ni wazee tu. Cappy Productions haikuanza na studio. Ilianza na mtu aliyesimama pembeni ya bingwa asiyejulikana, akamuuliza maswali. Leo simu iliyo mfukoni mwako inapiga filamu. Mkalishe babu, mwache akumbuke.

Nimalizie na banda letu. Jumapili iliyofuata tulirudi kundi zima, na safari hii tukaomba wenyewe: tuwekee yule Mtanzania wa bandeji. Mwenye banda akatafuta kwenye boksi, akaichomeka ile kanda. Yakatokea mieleka. Alikuwa ameshairekodia juu, katikati ya wiki, maana kanda tupu zilikuwa ghali na wateja walitaka mieleka.

Tulitazama mieleka, tutafanyaje. Yule mshikaji aliyerusha ganda la chungwa ndiye aliyeuliza kwa sauti ya chini, macho bado kwenye kioo: "Hivi yule jamaa, mguu ulipona?"

Hakuna aliyekuwa na jibu.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye. Ulipona. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alikimbia tena marathoni, akamaliza wa 5 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Haraka kuliko Mamo Wolde alivyokimbia kule Mexico juu ya milima. Sikuwahi kumpata yule mshikaji nimwambie. Kama bado anasoma magazeti, na alione hili.