Rangi za Eneokazi: Somo la Macho na la Upatanisho

Wahenga walisema kipendacho moyo ni dawa. Katika maabara yetu ya kompyuta methali hii huonekana kila muhula mpya unapoanza. Kabla hata ya kufungua programu ya kuandikia, mwanafunzi hubadilisha picha ya eneokazi, akaweka timu yake ya mpira au mtoto wa dada yake, kisha akatafuta rangi aipendayo. Kwa muda mrefu sisi walimu tuliona huo ni mchezo tu, tena wa kupoteza wakati. Katika makala haya tunaeleza kwa nini tumebadili msimamo, na namna ambavyo rangi za eneokazi zinaweza kufundishia Kiswahili.

Tuanze na kisa kilichotufundisha. Mmoja wetu alikuwa akisahihisha insha moja kwa moja katika kompyuta. Sentensi zenye makosa alizitia rangi nyekundu, na zile zilizomfurahisha akazitia rangi ya kijani. Mwanafunzi mmoja alirudisha insha yake mara tatu, na kila mara alikuwa amefuta sentensi nzuri na kuacha zenye makosa. Tulimwita mzembe mbele ya wenzake. Siku ya nne alikuja ofisini akasema kwa sauti ya chini, “Samahani mwalimu, mimi naona zote ni rangi moja.” Hakuwa mzembe. Alikuwa na upofu wa rangi, nasi hatukuwahi kumwuliza.

Hali hiyo si ya ajabu. Aina iliyo ya kawaida zaidi, ya kutotofautisha vizuri nyekundu na kijani, hurithiwa kupitia kromosomu X, na ndiyo maana huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hukadiriwa kuwa mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200 wanayo. Viwango hutofautiana baina ya jamii na jamii, lakini mwalimu mwenye darasa kubwa asifikiri kwamba halimhusu.

Kompyuta huzipataje rangi?

Kila nukta ya kioo cha kompyuta ina taa ndogo tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kila taa hupewa nguvu kuanzia 0 hadi 255. Zote zikiwa 0 tunapata weusi. Zote zikiwa 255 tunapata weupe. Nyekundu na kijani zikiwa 255 na buluu ikiwa 0, tunapata manjano. Ukizidisha 256 kwa 256 kwa 256 utapata rangi 16,777,216. Kwa hiyo rangi unayoiona katika upau wa dirisha si kitu zaidi ya namba tatu, na kuibadilisha ni kubadilisha namba hizo.

Watengenezaji wa programu wamekuwa wakituchagulia rangi tangu zamani. Windows 95 ilikuja na eneokazi la buluu iliyochanganyika na kijani. Windows XP ya mwaka 2001 ilimpa mtumiaji sura tatu: buluu, kijani cha zeituni na fedha. Ubuntu, ambayo jina lake halihitaji kamusi kwa msemaji wa lugha ya Kibantu, ilivaa rangi ya kahawia tangu mwaka 2004 mpaka mwaka 2010 ilipohamia zambarau na chungwa. Rangi hizo huchaguliwa na mtu asiyejua macho yako, wala mwanga wa dirisha la chumba chako.

Hatua za kubadilisha

Katika Windows 10 na 11, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu juu ya eneokazi. Menyu itafunguka, chagua kipengele cha kubinafsisha, kisha kipengele cha rangi. Hapo utakuta mambo mawili makuu. Kwanza ni hali: nyeupe, nyeusi, au mchanganyiko unaoupanga mwenyewe. Pili ni rangi ya msisitizo, yaani ile inayotiwa katika vitufe, viungo na maeneo yaliyochaguliwa.

Asiyeona vizuri anahitaji zaidi ya hapo. Bonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen, ukubali swali litakaloulizwa, na kompyuta itahamia katika rangi zenye utofauti mkubwa. Ukirudia vibonyezo hivyo inarudi ilivyokuwa. Aidha, katika mipangilio ya ufikivu kuna vichujio vya rangi kwa wasiotofautisha nyekundu na kijani, au buluu na manjano. Mwanafunzi wetu anatumia kimojawapo sasa.

Wanafunzi hutuuliza kama hali nyeusi ni bora kwa macho. Kwa wengi wenye macho mazima, maandishi meusi juu ya ukurasa mweupe husomeka kwa wepesi zaidi, kwa kuwa mwanga mwingi huibana mboni na taswira ikawa kali. Lakini mwenye mtoto wa jicho anaweza kuumizwa na weupe huo, akasoma vizuri zaidi maandishi meupe juu ya weusi. Kwa hiyo kila mtu ajipime mwenyewe.

Jambo la kuzingatia ni utofauti baina ya herufi na mandhari yake. Nyeusi juu ya nyeupe ina uwiano wa 21 kwa 1, ambao ndio wa juu kabisa. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti hutaka angalau 4.5 kwa 1 kwa herufi za kawaida. Manjano kamili juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1, na ile nyekundu kali tuipendayo walimu ni takribani 4 kwa 1 tu. Buluu kamili hupata zaidi ya 8.

Rangi na upatanisho

Sasa tuje kwenye somo letu. Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema kitufe chekundu, vitufe vyekundu, dirisha jeusi, madirisha meusi, ukurasa mweupe, kurasa nyeupe. Rangi nyingine zimetoka katika majina ya vitu, nazo huunganishwa kwa -a: dirisha la kijani, upau wa kahawia, herufi za kijivu. Kijani kimetoka kwa jani, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa jivu, manjano kwa kile kiungo cha mchuzi. Wanafunzi wetu wasemao Kiganda hawapati tabu kulielewa hilo, kwani kwao kiragala kinahusiana na majani ya mgomba, na kitaka kinahusiana na udongo.

Makosa mawili hujirudia: “dirisha nyeusi” na “kitufe cha nyekundu.” La kwanza linasahau ngeli, la pili linakitendea kivumishi kana kwamba ni nomino. Ubao haukuyaondoa makosa hayo. Zoezi la eneokazi limesaidia. Wanafunzi hukaa wawili wawili, mmoja akiwa na kipanya na mwingine akiamuru: “Fanya upau uwe mwekundu. Vitufe viwe vyeusi. Maandishi yawe meupe.” Mwenye kipanya hatendi mpaka upatanisho uwe sahihi. Mwishoni wote wawili husoma aya moja katika rangi walizoziunda, na kuamua kama macho yanaridhika.

Istilahi zenyewe ni mjadala mzuri. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, maneno ya kompyuta kwa Kiswahili yameongezeka, lakini bado tunasikia buluu na samawati, kipanya na puku. Waache wanafunzi wabishane, mradi wabishane kwa Kiswahili.

Kuhusu kusahihisha, idara yetu sasa hufuata desturi hii: sentensi yenye kosa hupigiwa mstari, na nzuri huwekewa alama ya vema pembeni. Rangi imebaki kama pambo. Yule mwanafunzi tulimwomba radhi mbele ya wenzake walewale tuliomwaibisha mbele yao. Nawe ndugu mwalimu, kabla ya kuishika kalamu nyekundu ya kompyuta, liulize darasa lako kwanza linaona nini.