Wewe wa Nani? Msimu wa Ligi ya Vijiji Handeni na Korogwe

Mahindi yakishavunwa na kupukuchuliwa, Handeni hupata miezi michache ambayo jembe halimdai mtu. Masika yamepita, vuli haiji mpaka Oktoba, na tangu zamani katikati hapo ndipo zilipopangwa shughuli zinazotaka watu wengi, chakula cha kutosha na njia zisizo na matope: jando, harusi, ngoma za kushindana. Ligi ya vijiji imeingia katika nafasi hiyohiyo ya mwaka. Mimi naihesabu kuwa mila kama hizo nyingine, yenye masharti yake, wazee wake na vyakula vyake.

Kuanzia Kabuku, Sindeni na Kwamsisi hadi Mombo na Magoma upande wa Korogwe, utaratibu unafanana. Kila timu hutoa kiingilio, na fedha hizo hununua zawadi. Mara nyingi ni mbuzi. Diwani au mnunuzi wa mahindi akiongezea, anakuwa ng'ombe. Siku ya fainali mnyama hufungwa pembeni mwa uwanja, kila mtu amwone. Mpira huanza saa kumi, baada ya swala ya alasiri, nao lazima uishe kabla ya giza maana taa hakuna. Ramadhani ikiangukia katika msimu, ligi husimama. Usiku wa ushindi mbuzi huchinjwa na kuliwa na kijiji kizima: wachezaji, wazee waliokaa kwenye vikao, na kina mama waliopika tangu ligi ianze.

Lakini moyo wa ligi hii uko kwenye orodha ya wachezaji. Kabla ya mechi timu hukabidhiana majina, na hapo ndipo ubishi wa mamluki unapoanza. Sharti linajulikana: uchezee kijiji chako. Sasa kijiji chako ni kipi, wakati umezaliwa Kwamatuku, umesomea Mkata na unaendesha bodaboda Segera?

"Babu, huyu tunamjua, anakaa Segera."

"Anakaa Segera, mjukuu wangu, lakini mama yake katoka kwetu. Kamuulizeni bibi yake, yule pale chini ya mwarobaini."

Bibi huulizwa kweli, na akisema ndiye, kijana anavaa jezi. Wazigua kwa desturi yao ya kale walifuata ukoo kwa upande wa mama, na ingawa leo watoto wengi huitwa kwa majina ya baba, uwanjani ukoo wa mama bado ni ushahidi unaosikilizwa. Kijana anayetajiwa ukoo wake mbele ya watu mia mbili hausahau tena. Vijana wengi wa leo hujifunza hapo, kuliko mahali pengine popote, bibi zao walitoka wapi.

Wenzetu wa Ireland wanalo jambo la jinsi hii. Chama chao cha michezo ya jadi, kilichoundwa mwaka 1884, kimeijenga ligi ya mpira wao wa Kigaeli juu ya parokia na kaunti. Fainali huchezwa Croke Park mjini Dublin, uwanja unaochukua watu zaidi ya 80,000, na bado wachezaji hawalipwi mshahara. Jumatatu mwalimu anarudi darasani na mkulima anarudi shambani. Kinachowaleta uwanjani ni kule walikotoka.

Korogwe jibu la swali "wewe wa nani" lilipitia kwenye mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mmea huo mwaka 1893, reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba kama Magunga na Ngombezi yakavuta wafanyakazi kutoka Unyamwezi, Kigoma, Burundi na nyanda za kusini. Mwaka 1964, Tanganyika ilipovuna karibu tani 230,000 za mkonge, kambi za wafanyakazi zilikuwa na watu waliotoka pande zote za nchi. Huko kambi ndiyo iliyokuwa kijiji, na siku ya mapumziko watu walishindana kwa ngoma na kwa mpira. Vijana wa leo wanaoziita timu zao Brazil au Barcelona wanalaumiwa bure: babu zao wa pwani walicheza ngoma ya beni wakijigawa makundi ya Marini na Arinoti, wakavaa sare za kizungu, na mashindano yakabaki yao.

Utani nao ulikaa pembeni mwa uwanja. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani milimani Usambara, aliandika mwaka 1941 juu ya utani wa makabila ya Tanganyika, jinsi mtani anavyoruhusiwa kutukana na kunyang'anya bila kesi. Ndiyo maana maneno ambayo kwingine yangeleta ngumi, hapa mtani huyatamka kwa sauti kubwa goli likiingia, na aliyefungwa hucheka.

Kuna upande unaonisikitisha. Handeni ina jina kubwa la waganga, na karibu kila timu ina watu wake wanaoitwa kamati ya ufundi. Vijana hulala uwanjani usiku wa kuamkia fainali ili wapinzani wasifukie kitu. Kulala pamoja, kuota moto na kuimba ni jambo jema, nami sina neno nalo. Ila mchezaji akivunjika mguu, baadhi ya watu huanza kumtazama mama mzee fulani, na tuhuma hiyo inaweza kumfuata mpaka kaburini. Wazee wanaosimamia vikao vya ligi wana mamlaka ya kuikata palepale, na wapo wanaofanya hivyo.

Halafu kuna wasichana. Shuleni wanacheza, na mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yanawachukua mpaka nje ya mkoa. Wakimaliza shule, majina yao hayaonekani kwenye orodha ya kijiji, hata pale ambapo ukoo uliompa kaka haki ya kucheza umepita kwa mama na bibi. Yapo majina ya kutosha kuunda timu mbili Kabuku peke yake, na mbuzi wa pili hawashindi wafanyabiashara wa mahindi kumnunua.