Sukari ya Mkongwe Isipimwe kwa Nambari Pekee

Ugonjwa huu tumeupa jina linalotupotosha. Kisukari tumekiingiza katika ngeli ya KI-VI pamoja na kifafa, kichocho na kipindupindu, na katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba fulani "ana sukari", kana kwamba sisi wengine damu yetu haina. Maadamu jina lenyewe limekwisha kumtaja adui, kila kinachompunguza huhesabiwa kuwa ushindi. Sukari ikipanda, jamaa hushtuka. Ikishuka, hushukuru, kama washukuruvyo bei ya unga inaposhuka.

Kwa mgonjwa wa miaka 45 hofu ya kupanda ina msingi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 1998 ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari barabara hupunguza madhara ya macho na figo. Hata hivyo, manufaa hayo huchukua miaka mingi kudhihirika, na waliosajiliwa katika utafiti huo walikuwa na umri wa kati ya miaka 25 na 65. Ajuza wa miaka 86 hakuwamo.

Yeye hatari yake kubwa iko upande wa pili, ule ambao lugha yetu ya mitaani haijaupa hata jina. Sukari inaposhuka chini ya milimoli 4 kwa lita, kijana hutetemeka, hutokwa na jasho na kuona njaa, akatafuta chakula. Kwa mkongwe dalili hizi za tahadhari hufifia. Aghalabu kinachotangulia ni kuchanganyikiwa, maneno yasiyoshikana, au kuanguka, na waliomzunguka husema, "Ni uzee tu." Nyonga ikishavunjika, huenda asitembee tena bila kushikwa mkono.

Mwaka wa 2008, utafiti uliofanywa Marekani na Kanada kwa watu 10,251 ulisitisha tiba kali ya kuishusha sukari hadi kiwango cha mtu asiye mgonjwa, kwa kuwa waliotibiwa hivyo walikufa 257, na wenzao waliotibiwa kwa wastani 203. Mwaka wa 2012 ukafuata mwingine, mdogo lakini wenye kutuhusu zaidi, wa wazee dhaifu 367 wa San Francisco ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 80. Kipimo kilichotumiwa ni kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, ambacho madaktari huwataka wagonjwa wengi wakiweke chini ya asilimia 7. Baada ya miaka 2, waliokuwa kati ya asilimia 8 na 8.9 walikuwa na uwezekano mdogo wa kudhoofika au kufa kuliko waliokuwa kati ya 7 na 7.9. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba sukari ndiyo sababu, lakini watafiti walikuwa wameuliza swali lililo sahihi: je, mzee anaoga, anavaa, anakula na kuinuka kitandani mwenyewe? Kiswahili kina neno moja la hayo yote, nalo ni kujimudu. Naliona bora kuliko asilimia yoyote.

Sisemi kwamba wazee waachiwe chai ya sukari guru kutwa nzima. Sukari ikizidi mno huleta kiu, kukojoa usiku kucha na upungufu wa maji mwilini, mambo ambayo nayo huangusha watu. Wala dawa isikatizwe nyumbani bila shauri la daktari. Lakini mwanafunzi anayempa nyanya yake vidonge kila asubuhi ana haki ya kumuuliza daktari ni dawa gani hii, na je, kiwango kilichowekwa kinaulingana umri wake? Glibenklamaidi, mathalani, ni dawa ya zamani ya bei nafuu, nayo Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba haiwafai waliopita miaka 60.

Na iwapo mzee amekunywa dawa, hakula, kisha akaanza kupayuka, apimwe sukari mara moja. Kama kipimo hakipo na bado anaweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari, kisha chakula. Aliyezimia asitiwe chochote kinywani, akimbizwe hospitalini.