Je, Wajua? Kimulimuli Alivyofichua Siri ya Maziwa

Watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa matumbo huvurugika; wafugaji wa kwetu hunywa kibuyu kizima wakalala salama. Kwa nini?

Watafiti Sarah Tishkoff wa Marekani, Thomas Nyambo wa Muhimbili na wenzao waliwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, Wasandawe na Waburunge wa Dodoma wakiwemo: unakunywa sukari ya maziwa, unatobolewa kidole, damu inapimwa kiwango cha sukari. Mabadiliko matatu ya DNA yakajitokeza kwa wanaovumilia maziwa. Lakini ndiyo yanayochochea jeni ya kumeng'enya sukari ya maziwa? Maabarani, vipande vya DNA vyenye mabadiliko hayo viliunganishwa na jeni ya kimulimuli inayotoa mwanga, vikatiwa ndani ya seli. Mwanga ukaongezeka, ushahidi kwamba yanachochea jeni! Matokeo yalichapishwa 2007. Badiliko lililoenea zaidi Tanzania na Kenya lilikadiriwa kuwa na miaka 2,700 hadi 6,800.