Sinema Hii ni ya Umri Gani?

Hapa Kasubi watoto wetu wanapenda sana kibanda cha video, VJ akitafsiri sinema kwa Kiganda. Lakini je, inawafaa? Sheria ya Uganda ya mwaka 1995 iliipa Baraza la Vyombo vya Habari kazi ya kukagua filamu. Kwa jirani zetu Kenya, bodi ya filamu hutoa alama: GE ni ya wote, PG mzazi aongoze, 16 na 18 walio chini ya umri huo wasitazame. Ila alama peke yake haimzuii mtoto mlangoni. Wengi wetu tulikimbia risasi. Sinema ya vita yaweza kumrudishia mtoto hofu usiku. Basi tuulize kwanza, ndipo tumpe shilingi za kiingilio.